Friza Isipogandisha, Tusikimbilie Gesi

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, friza ya nyumbani ni mtaji, kwa maana ndimo zinamogandishwa barafu za ubuyu za kuuza na ndimo wanamohifadhiwa sato na sangara wa familia. Kwa hiyo inapogoma, mwenye nyumba huingiwa na haraka na kukubali jibu la kwanza analopewa, ambalo mara nyingi ni "gesi imekwisha". Jibu hilo likitolewa kabla ya skrubu hata moja kufunguliwa hunikera sana, kwa sababu gesi ya friza haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua ina maana pana tundu.

Jambo la kwanza ni kusikiliza kompresa, yaani pampu inayoizungusha gesi hiyo. Ikiwa gesi imepungua, kompresa huzunguka mfululizo bila kupumzika, huku barafu ikishika sehemu ndogo tu ya ukuta wa ndani au isishike kabisa. Ya friza yetu, ilipogoma, haikuwa hivyo. Ilinguruma sekunde chache, ikalia "tik", ikanyamaza, na baada ya muda ikarudia yaleyale. Mlio huo ni wa ovalodi, kifaa kinachokata umeme ili kompresa iliyoshindwa kuanza isiungue, na hapo gesi haihusiki.

Nilianza kwa kupima umeme kwenye soketi, kwani jioni, wakati mtaa mzima umewasha vyombo, umeme ukishuka mno chini ya volti 230 hata kompresa nzima hushindwa kuanza. Ulikuwa wa kawaida. Nikachomoa plagi, nikaisogeza friza kutoka ukutani na kufungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa kompresa. (Mwenye friza yenye kapasita asiguse ncha zake kwa mikono mitupu, kwani hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.) Relei, kisanduku cheusi kilichochomekwa kwenye pini za kompresa ili kuisaidia kuanza, ilikuwa imebabuka upande mmoja, na nilipoitikisa karibu na sikio vipande vilisikika vikigongana ndani.

Hata hivyo, haifai kununua relei kabla ya kuipima kompresa yenyewe. Pini zake ni 3, nazo hupimwa ukinzani wa umeme, mbilimbili, kwa mita ya fundi (multimita): kipimo kikubwa kinapaswa kulingana na jumla ya vile viwili vidogo. Nilipata omu 12, 19 na 31. Kisha nikapima kati ya kila pini na bati la kompresa, na mita haikusoma chochote, jambo linaloonyesha kwamba waya za ndani hazijagusana na bati hilo. Nilikwenda kwa muuza vipuri na ile relei mbovu mkononi ili mpya ilingane nayo, nikaichomeka, na kompresa ikaanza mara moja.

Mabomba nawaachia mafundi, hasa friza ikiwa na kibandiko cha R600a, gesi inayoshika moto na isiyopaswa kufunguliwa karibu na jiko la mkaa. Fundi akisema gesi imevuja, aombwe kwanza kuonyesha kwa povu la sabuni mahali inapotokea, alizibe tundu hilo, ndipo ajaze.