Ghorofa ya Sita na ya Saba

Mwaka 2017 lilitangazwa shindano la picha za majengo hapa Dar es Salaam. Mada ilikuwa jiji linalobadilika, na masharti yalikuwa mafupi: kila mshiriki alete picha moja, iwe ya mwaka huo huo, na mhusika awe jengo. Wakati ule riziki yangu ilikuwa harusi na kipaimara. Majengo nilikuwa nayapita tu. Ila zawadi ya kwanza ilikuwa kamera, na yangu ilishaanza kunigomea katikati ya shughuli za watu.

Wapiga picha wote niliowafahamu waliwaza kitu kimoja: kuwahi pantoni ya Kigamboni alfajiri. Ukifika katikati ya maji unaliona kanisa la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu, kazi ya Wajerumani ya zaidi ya miaka mia iliyopita, na nyuma yake minara pacha ya ghorofa 35. Zamani chini, sasa juu, habari imekwisha. Siisemi vibaya picha hiyo, nimewahi kuiuza kwa watengeneza kalenda. Lakini nilijua majaji wangeletewa rundo lake.

Nikashuka mwendokasi Msimbazi, nikaingia Kariakoo.

Nilianzia Soko Kuu, kwa sababu kwangu mimi hakuna jengo Dar lililobuniwa kwa akili kama lile. Beda Amuli, msanifu wetu, alilichora miaka ya 1970 kama msitu wa miavuli ya zege: kila nguzo inapanda, inachanua juu, inatoa kivuli na kukinga mvua. Nilikuwa bado napima mwanga mlinzi aliponisogelea.

"Kaka, una kibali?"

Sikuwa nacho. Nikamwambia napiga paa tu, akaniambia paa nalo ni la soko. Jibu lilikuwa na mantiki, nikaondoka.

Kupiga jengo Kariakoo ni kazi ngumu hata kama una kibali. Mitaa imenyooshwa kwa rula tangu enzi za Wajerumani, na viwanja vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya chini: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Leo kiwanja hicho hicho kinabeba ghorofa nane au kumi, ukuta kwa ukuta na jirani. Ili jengo lisimame wima kwenye picha inabidi urudi nyuma, na Kariakoo ukirudi hatua tatu umeshakanyaga viatu vya mtu vilivyopangwa chini. Ukikaa karibu na kuinua lenzi, kuta zote zinalala chali.

Nilizunguka hadi nilipoiona nyumba moja ya chini katikati ya maghorofa, na barazani amekaa bibi anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kama umetumwa na dalali, umechelewa."

Nikamweleza shida yangu. Akaniambia nimefika wakati mzuri, maana nyumba inavunjwa baada ya Idi. Nikampa pole.

"Pole ya nini?" Akauweka ungo chini. "Nyumba hii kaijenga baba yangu. Vyumba sita, warithi kumi na mmoja. Hebu nigawie."

Nikanyamaza. Akaendelea kunihesabia: bati linavuja, shimo la choo linafurika kila masika, na kila mwaka kuna mtu wa familia anayetaka chake. Sasa wameingia ubia na mwekezaji. Yeye anajenga ghorofa kumi, familia inapata mbili, ya sita na ya saba. Mkataba ulikaa mezani muda mrefu kwa sababu ya bibi huyu. "Nilikataa kutia dole mpaka neno lifti liandikwe. Nipande ngazi mpaka ghorofa ya saba kwa magoti haya?"

Mimi kichwani nilikuwa na picha yangu tayari: mlango wa mbao uliochakaa, yeye amekaa kando, macho mbali. Nikamwomba akae vile vile. Akanitazama.

"Si umesema wanataka jengo? Mimi ni jengo?"

Kisha akageuza kichwa kuelekea ghorofa la jirani. "Ukipiga hapa utapata mlango tu. Panda kule juu ndiyo uione nyumba."

Akanipa mjukuu wake anisindikize. Tulipanda ngazi zilizojaa marobota ya vitenge na maboksi ya viatu, kila ghorofa stoo juu ya stoo, tukatokea juu kwenye matangi ya maji. Nikachungulia. Nyumba ilikuwa chini kabisa, imezungukwa pande tatu na kuta tupu zisizo na hata dirisha moja. Bati lenye kutu, uani mpapai, kamba ya nguo na kanga mbili. Giza.

Kila anayefundisha picha atakwambia saa sita mchana ufunge kamera, jua la utosini linaua kila kitu. Kule chini jua halikuwa na njia nyingine ya kuingia. Tulisubiri tukila mihogo ya kukaanga, na saa sita ilipopita kidogo mwanga ukateremka ukutani, ukafika kwenye mpapai, kisha uani kote. Uliwaka kwa muda mfupi sana. Bibi alitoka kuanua kanga, nikabonyeza.

Nilipata nafasi ya tatu. Kamera ilikwenda kwa picha ya pantoni.

Siku ya maonyesho nilimwalika bibi, akaja na mjukuu yule yule, gauni jipya na mkoba. Waandaaji walikuwa wamebandika maelezo chini ya picha yangu: "Urithi unaotoweka." Sikuulizwa. Kijana akamsomea.

"Nani katoweka?" akauliza bibi, kwa sauti ya uani, si ya ukumbini.

Jaji mmoja, mtu mpole mwenye miwani, akasogea kumfafanulia habari za urithi wa usanifu. Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akaweka kidole juu ya bati la nyumba yake na kuanza kupanda: ya kwanza maduka, ya pili maduka, ya tatu stoo. Kidole kikavuka ukingo wa picha, kikaendelea kwenye ukuta mweupe wa ukumbi.

"Bibi, tafadhali tusiguse ukuta," akasema msimamizi.

"Ngoja, sijafika kwangu," akamjibu, akainuka kwa ncha za vidole vya miguu. "Ya sita hapa. Ya saba hapa. Na lifti inapita huku."