Kurasa mbili za sala

Jioni hii, sisi makatekista wa parokia tumeketi kuchagua kitabu cha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Kwa kuwa kanuni ya 827 ya Sheria za Kanisa hudai idhini ya Askofu kwa vitabu vya katekesi, tulianza kwa kutafuta imprimatur, yaani tamko la idhini hiyo linalochapwa kitabuni, kisha tukavilinganisha na sehemu nne za Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992: imani, sakramenti, maisha katika Kristo na sala.

Kimoja, chenye picha nzuri kuliko vyote, kilikuwa na kurasa mbili tu za sala.

Katekista mzee alikifunga taratibu, akauliza, “Mtoto atazungumza na Mungu lini?”

Mimi ndiye niliyekipendekeza, na swali hilo bado limo moyoni mwangu.

Wapendwa, ninyi hutazama nini kwanza?