Kabla ya Kuweka Mikono

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimekaa na sura ya 10 ya Injili ya Marko, pale Bartimayo kipofu anapopaza sauti kando ya njia ya kutoka Yeriko huku watu wakimkemea anyamaze, na Yesu anasimama, anaagiza aitwe, kisha anamwuliza anachotaka kufanyiwa. Swali hilo limenikosesha utulivu. Upofu wa mtu yule ulionekana na kila aliyepita, na bado Bwana hakujitwalia haki ya kumsemea haja yake.

Nimelisoma andiko hili nikikumbuka ibada moja ya maombezi, ambapo mama mmoja alimleta mbele mwanawe wa miaka 9 mwenye usonji, hali ambayo kwa Kiingereza huitwa autism. Tulimzunguka, tukamwekea mikono kichwani na mabegani, tukaomba kwa sauti kuu huku vipaza sauti vikivuma, naye akaziba masikio kwa viganja, akajikunja na kuanza kulia. Mmoja wetu alisema kwamba hilo ni pepo linalopinga. Mama yake, bila kubishana na mtu, alitoa mkobani kadi za picha ambazo mtoto huyo huzitumia kusema asichoweza kutamka, akazishika mbele ya macho yake, na mtoto akagusa kadi yenye picha ya mlango. Alikuwa anaomba atoke nje. Watu wazima zaidi ya 10 tulikuwa tukimwombea tulichokitaka sisi, naye alikuwa na ombi lake ambalo hatukuliuliza.

Je, usonji unaponyeka? Waamini hatujibu kwa sauti moja, na hata wenye usonji wenyewe hawana jibu moja. Tangu daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo mwaka 1943, haijapatikana dawa ya kuuondoa, kwa maana ni hali ya ukuaji wa ubongo, inayotokana kwa sehemu kubwa na urithi, ambayo kwa kawaida mtu huishi nayo maisha yake yote. Yanayotibika ni mengi ya yale yanayoambatana nayo, kama kifafa, kukosa usingizi na wasiwasi, na mafunzo ya mawasiliano yanayoanza mapema huwasaidia watoto wengi. Wapo wachache waliotambuliwa utotoni kuwa na usonji ambao baadaye hawakuonekana tena na dalili za kutosha kuitwa hivyo. Watafiti wameandika habari zao, lakini si haki kumpa kila mzazi habari hizo kama ahadi.

Mwaka 1993 Jim Sinclair, ambaye mwenyewe ana usonji, aliwaambia wazazi kwamba usonji si ganda lililomfungia mtoto wa kawaida ndani yake, na kwamba wanapotamani usingekuwepo, wanachotamani hasa ni mtoto waliye naye asingekuwepo. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeomba hivyo mara nyingi nikidhani ni upendo mtupu. Hata hivyo, siwezi kumweleza mzazi ambaye mtoto wake hupiga kichwa ukutani usiku kucha kwamba hana la kuombea. Kuomba kifafa kikome, au usingizi uje, au maumivu ambayo mtoto hawezi kuyataja yagunduliwe na daktari, si kumkataa mtoto.

Linalonitia hofu zaidi ni pale tamaa ya uponyaji inapogeuka mtego. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho jimboni Florida, Marekani, iliwahukumu kifungo baba na wanawe watatu walioliita kundi lao kanisa, wakawauzia watu kemikali ya kung'arishia nguo na karatasi viwandani, wakidai kwamba kuinywa huponya maradhi mengi na usonji pia. Waliitoa kama sakramenti. Nawasihi, mtu yeyote atakayewaletea kitu cha kumnywesha mtoto kwa jina la Yesu, kitu hicho kionyesheni kwa daktari kwanza.

Upo pia mtego wa lawama, na huu tumeutega sisi wenyewe. Kwa miaka mingi wapo waganga wa akili waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama asiye na joto la upendo, naye Bernard Rimland, mtafiti aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, akayapinga mafundisho hayo kwa hoja mwaka 1964. Utabibu umekwisha kuyaacha. Sisi bado tunamwambia mama kwamba mtoto hajapona kwa kuwa imani yake ni haba, au tunatafuta dhambi nyumbani mwake kama wanafunzi walivyoitafuta katika sura ya 9 ya Yohana, ingawa Yesu aliwajibu kwamba hakutenda dhambi mtu yule aliyezaliwa kipofu wala wazazi wake.

Yule mama sikumwona kanisani kwa miezi kadhaa baada ya siku ile, na nilipokwenda kumwomba radhi nilimwuliza, kwa kuchelewa, anataka tumwombee nini. Alisema anataka siku moja amsikie mwanawe akimwita, na kwamba hata asipomwita, watu wasimwogope. Tunayaombea yote mawili kila Jumatano, tukiwa watu watatu tu, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi.