Jiwe la chokaa lenye visukuku, aisee nimelikubali

Jamani leo nimeshinda na jiwe la chokaa lenye visukuku (yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ndani ya jiwe) mkononi na sitaki kuliachia. Kwanza nikalikwaruza kwa kisu, likachubuka kirahisi maana madini yake ya kalsaiti yana ugumu wa 3 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 mpaka 10, alafu nikadondoshea siki na vipovu vikaanza kutoka, basi ni chokaa kweli (dolomaiti, jiwe linalofanana na chokaa, inagoma kutoa vipovu mpaka uisage unga). Ila utamu wenyewe ni nilipolilowesha maji nikalimulika tochi kwa ubavuni, yaani vikajitokeza viduara vidogo vidogo vyenye kitundu katikati kama shanga, hivyo ni vipande vya shina la krinoidi, na wengi wanadhani ni mmea kumbe ni mnyama wa baharini, ukoo mmoja na kiti cha pweza!!

Mi naona watu wanakimbilia jina la kisukuku tu, hawaangalii kimekaaje. Makombe yakiwa yamevunjikavunjika na kurundikana, hapo palikuwa na mawimbi au mkondo mkali, yakiwa mazima ndani ya tope laini lililogeuka jiwe basi maji yalikuwa yametulia. Na hata hiyo chokaa yenyewe mara nyingi ni mabaki ya viumbe yaliyosagika.