Nilivyoizoea mizizi ya Kilatini na Kigiriki iliyomo katika Kiingereza

Nilianza na orodha ndefu ya mizizi, nikaiacha. Kukariri kwamba "port" ni kubeba na "spect" ni kutazama si kazi. Kinachokwamisha ni mzizi unaobadilika sura, ingawa mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa: linda huzaa mlinzi, tunga huzaa mtunzi, pika huzaa mpishi. Kilatini kina mchezo huohuo. "Cap", yaani kutwaa, iko wazi katika capture. Ikitanguliwa na kipande kingine huwa "cept" katika accept, "cip" katika participate, na "ceiv" katika receive, sura iliyopitia Kifaransa.

Basi nilijitengenezea kadi za kujikumbushia, na kila kadi niliipa mzizi mmoja na sura zake zote, maana kwa Kiswahili, na maneno matatu ninayokutana nayo kweli. Kadi tano kwa wiki zilinitosha. Za kwanza zilikuwa fac/fec/fic (kufanya), mit/mis (kutuma), scrib/script (kuandika) na ten/tin/tain (kushika).

Viambishi vya mbele navyo humezwa na herufi inayofuata. "In" ya kukanusha huwa il katika illegal, im katika impossible, ir katika irregular. "D" ya "ad" (kuelekea) hupotea kabisa katika attract na aggressive, ndiyo maana herufi zimerudiwa. Hapo tahajia yangu ilinyooka. Ila kuna "in" nyingine, ya ndani: inflammable ni kitu kinachoshika moto upesi, na anayeisoma kama kanusho anaweza kuungua.

Kigiriki hujitambulisha kwa ph, rh, ps, na ch inayotamkwa k. Vipande vyake huungwa kwa o, kama thermometer. Kilatini hupenda i, kama agriculture. Ukijua hilo, hutaikata helicopter vibaya: ni helico, yaani mzunguko wa parafujo, na pter, bawa.

Mtego mkubwa ni mizizi pacha. "Ped" ya Kilatini ni mguu, katika pedal na pedestrian. Ya pediatrics ni Kigiriki, mtoto. "Homo" ya homicide ni mtu, ya homogeneous ni sawasawa. Hao nawaandikia kadi mbili za rangi tofauti.

Na maana huhama. Manufacture ni mkono na kufanya, ilhali leo kazi ni ya mashine. Kwa neno la namna hiyo nafungua kamusi kwanza, mzizi nauandika baadaye.