Nusu pigo nyuma ya mwenzangu

Majira ya baridi ya mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi mjini Leipzig, nilipewa sehemu ya viola ya pili, ala inayofanana na fidla ila kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, katika Konserto ya 6 ya Brandenburg ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach. Nilikulia Unguja nikipiga fidla katika kikundi cha taarabu, na viola niliianza Ujerumani kwa sababu tu okestra yetu ya wanafunzi ilikuwa imejaa wapiga fidla. Niliiona ni ala ya kujazia, kwa kuwa katika muziki mwingi wa enzi ya baroki, yaani muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na mwanzo wa ya 18, viola hukaa katikati, ikiziba nafasi kati ya fidla zinazoimba juu na besi inayobeba chini.

Konserto ile haina fidla hata moja. Bach, aliyeitunuku mwaka 1721 pamoja na nyingine tano kwa Christian Ludwig wa ukoo wa watawala wa Brandenburg, aliweka mbele viola mbili, kisha gamba mbili (ala za nyuzi zinazopigwa kwa upinde zikishikiliwa kati ya miguu), chelo, violone, ambayo ni ala kubwa ya besi, na hapsikodi, kinanda cha zamani. Gamba, ambazo zilikuwa ala za waungwana, alizipa kazi nyepesi, na ugumu mwingi akazitwika viola. Ni uamuzi ninaoustahi hadi leo.

Sehemu ya kwanza ndiyo iliyonitesa. Viola ya kwanza inaanza wimbo, na ya pili inaupiga wimbo uleule, kwa noti zilezile, ikichelewa nusu ya pigo tu. Mkono wangu ulilelewa na taarabu, ambamo fidla zote huupiga wimbo kwa pamoja, na kwa hiyo kila mazoezi, baada ya mistari michache, nilijikuta nimemfikia mwenzangu, tukawa sauti moja, na ule mwangwi ulioandikwa ukapotea kabisa.

Siku tatu kabla ya onyesho, mwenzangu aliweka upinde chini akaniambia, “Usinisikilize mimi. Zisikilize gamba.” Nilikuwa sijazitilia maanani, kwa sababu mwanzoni hurudia noti moja tu, tena na tena, bila kuyumba. Nilipozishika hizo, nusu pigo langu likapata pa kukaa.

Usiku wa onyesho, kanisani, tulianza kwa kasi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mwenzangu akinitangulia hatua kwa hatua bila mkono wangu kumkimbilia. Ikafika sehemu ya pili, ya polepole, ambayo Bach amezinyamazisha gamba, zikabaki viola mbili na besi. Wapiga gamba walilaza pinde zao mapajani. Wimbo ule ni mrefu, wa pumzi ndefu, na viola hupokezana bila haraka. Sikuwa tena na gamba za kuzishika, na mwenzangu alikuwa amefumba macho, basi nikamsikiliza yeye.