Nani atawachoma hawa?

Usingizi umenikataa tena na wala si joto, ingawa joto la wiki hii mnalijua wenyewe. Ni maneno ya Jumatatu ya inchaji wangu, sista msimamizi wa kitengo chetu cha figo. Nayasikia nikiosha vyombo, nayasikia nikiwa kwenye matatu, jana nimeyasikia hata nikiwa naswali mpaka nikasahau rakaa ngapi. Kwa hivo nayaandika, labda yakitoka kichwani nitapumua.

Ile barua mnaijua. Ya kuomba ruhusa ya masomo, niende KMTC Nairobi, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, mwaka mmoja nikasome ile diploma ya juu ya uuguzi wa figo. Baba watoto aliisoma akasema iko sawa, usiongeze neno wala usipunguze. Basi Jumatatu, tulipomaliza kuwaweka wagonjwa wa shifti ya kwanza kwenye mashine za kusafisha damu, nikampelekea inchaji pale mezani kwake. Aliisoma yote. Nilikuwa namtazama macho, hakuruka hata mstari mmoja. Akavua miwani, akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la upendo kweli, sitaki mtu amfikirie vibaya huyu mama, ndiye aliyenipokea kitengo hiki nilipotoka wodi ya akina mama wajawazito sijui hata fistula, ule mshipa tunaouchoma sindano za mashine, inakaa upande gani wa mkono. Akaniambia:

"Mwanangu, mikono yako ndo wodi hii. Nikikuachia uende, nani atawachoma hawa?"

Nikamwambia, "Kuna wenzangu, sista."

"Wenzako wanajifunza. Wewe unajua."

Akaikunja ile barua mara mbili, akaitia chini ya kitabu cha maji, kisha akaniuliza mashine ya tatu mbona inalia. Nikaenda kutazama mashine ya tatu.

Ni hayo tu. Wiki nzima mdogo wangu kaposwa na watu wamekuja mpaka kutoka Lamu, mgonjwa wetu mmoja kaitwa Nairobi akatiwe figo ya nduguye, wauguzi wameanza tena kunong'ona habari za mgomo, na mimi niko pale pale kwenye "wewe unajua".

Angeniambia sijafika, ningejua la kufanya. Ningerudi nikajifunza zaidi. Lakini mtu akikwambia huendi kusoma kwa sababu unaijua kazi, unafanya nini? Ujue kidogo? Nimeligeuza neno hili kila upande. Kuna saa naliona ni sifa kubwa ambayo sijawahi kupewa na mkubwa yeyote kazini, na kuna saa naona nimefungiwa mlango na mtu ananipigapiga mgongoni huku akizungusha ufunguo.

Na kile kitabu cha maji, jamani, si kitabu cha kuwekwa kikasahaulika. Kila alfajiri kabla ya mgonjwa yeyote kuguswa, tunakinga maji yanayotoka kwenye vichujio vya mkaa tunapima klorini, tunaandika namba na sahihi. Isizidi 0.1 ya miligramu kwa lita. Mgonjwa mmoja kwa saa nne zake anapitiwa na maji kama lita 120, na kati ya hayo maji na damu yake pana ngozi nyembamba tu ya kichujio, klorini ikipita hapo chembe za damu zinapasuka ndani ya mishipa. Hilo kila anayefanya kazi chumba hiki analijua na hakuna anayelichezea. Kwa hivo Jumanne nimekifungua, pembe ya barua yangu ikachungulia. Jumatano vile vile. Naandika namba, natia sahihi, nafunga. Inchaji naye anakuja anahakiki, anatia sahihi yake, anafunga. Tunaiona sote wawili na hakuna anayesema neno.

Hospitali nyingi za kaunti zilipata mashine hizi kupitia ule mpango wa vifaa wa serikali kuu ulioanza 2015. Kabla ya hapo mtu wa pwani huku akiharibikiwa na figo aliuza shamba, akauza na mbuzi, na bado alisafiri. Kisha NHIF, bima ya afya ya serikali ya wakati huo, ikawa inalipa shilingi 9,500 kila anapolala kwenye mashine, mara mbili kwa wiki, na wagonjwa wakajaa. Mashine zikaja, wagonjwa wakaja, wauguzi tuliojua kuchoma tukawa wachache, na wengi wetu tulijifunzia ubavuni kwa mwenzetu aliyetangulia. Sidharau kujifunza hivo, ndiko nilikotoka. Ila nina maswali ambayo ubavuni hayajibiki. Presha ya mgonjwa ikishuka akiwa saa ya tatu kwenye mashine najua cha kufanya, nitamlaza kichwa chini, nitasimamisha kutoa maji, nitamrudishia saline, na atafungua macho aniite sista. Lakini kwa nini inamshukia yeye kila wiki na jirani yake haimshukii? Ule uzito tunaomrudisha nao nyumbani nani kasema ndo uzito wake wa haki? Mimi naona miguu, naona mshipa wa shingo, naona pete imeacha alama kidoleni, namwambia daktari kwa mdomo na yeye anabadilisha. Nataka nijue ninachokiona. Nataka siku moja niandike mimi, na pia nataka cheo kipande na mshahara upande, siogopi kulisema hilo, ada za watoto hazilipwi kwa sifa.

Na kuna kitu nilisoma zamani kikanikaa. Fistula hii tunayochoma kila siku, ya kuunganisha ateri na vena ya mkononi ili mshipa unenepe uvumilie sindano, waliitangaza madaktari wa New York mwaka 1966, Brescia na Cimino na mpasuaji wao Appell. Huyu Cimino alipokuwa mwanafunzi alikuwa akifanya kazi ya kuwatoa wagonjwa damu hospitalini. Mchoma sindano! Mishipa aliijulia vidoleni kwanza, ndo baadaye akaja na wazo ambalo mpaka leo linawaweka watu hai. Kwa hivo usiniambie mikono ni ya kubaki wodini na kichwa ni cha mtu mwingine aende nacho Nairobi. Hilo ndilo nilitaka kumwambia inchaji na halikunijia pale mezani, limenijia usiku wa manane baba watoto anakoroma.

Sasa Alhamisi.

Mzee wetu mshona matanga mnamkumbuka, nimemwandika sana humu. Ana siku zake mbili, Jumatatu na Alhamisi, na mashine yake iko hatua tatu kutoka meza ya inchaji. Tangu fistula yake ilipokomaa hajawahi kukubali kuchomwa na mwingine ila mimi. Nikiwa likizo analalamika mpaka kwa mlinzi. Basi Alhamisi nimekuja na trei yangu, mzee kashakaa, kashakunja mkono wa kanzu, namsalimia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, halafu mkono anauondoa. Anamwonyesha yule binti muuguzi wetu mpya kwa kidevu.

"Leo anichome huyu."

Binti kanitazama macho yamemtoka. Nikamwuliza mzee kama ana uhakika. Akasema, "Mimi nimefundisha watoto wangapi kushona tanga, nao wakanitoboa vidole? Njoo mwanangu, usiogope."

Nikasimama nyuma ya binti, mikono nimeifunga mgongoni ili isije ikajiendea yenyewe. Akaweka vidole vitatu juu ya mshipa akatafuta ule mtetemo, akaupata, akasikiliza na stetoskopu. Mwezi huu tunapanda kuelekea kwenye kiwiko, hatuchomi pale pale kila siku mshipa ukaja kuvimba, na yeye alilikumbuka bila kuambiwa, akahesabu alama za wiki iliyopita akasogea juu kidogo. Akafunga mpira. Akasafisha, akangoja dawa ikauke, ngojeo lile wengi hawalifanyi. Mdomo wa sindano ukatazama juu, akaingia kwa kuinamisha, na pale ngozi ilipokaza akataka kusukuma na mzee akamwambia taratibu bila hata kutazama, "Sindano haisukumwi, yaongozwa." Akalegeza mkono. Damu ikaruka ndani ya mrija, nyekundu, inapiga. Akailaza sindano akaipeleka ndani, akabandika plasta. Ya pili ikaingia kwa mkupuo mmoja.

Nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Na papo hapo, nitaliandika kama lilivyo, kuna kitu kiliniuma, kwa sababu ule mkono nimeuchoma tangu mshipa wake ungali mwembamba wa sindano ndogo ya namba 17, na sasa umemkubali mwingine na mashine inazungusha damu mililita 300 kwa dakika bila hata kulia. Furaha na uchungu vikakaa kiti kimoja. Sikujua naweza kuwaonea wivu wagonjwa wangu.

Karibu saa nne zake kuisha, nimeinama nasoma mashine, mzee ananiuliza kwa sauti ya chini:

"Ile barua yako yafika wapi?"

Nikashtuka. Nikamwuliza barua gani baba. Akasema, "Mwanangu, mtu akilazwa hapa saa nne hana kazi ila kusikiliza." Kisha akaniambia Nairobi kwataka sweta, nisidanganywe na jua la mchana, aliwahi kukaa Eastleigh kwa nduguye akaumwa kifua miezi.

Hakusema zaidi. Sikumjibu pia, nilijifanya naandika presha.

Inchaji alipopita kuhakiki faili akaona sahihi ya binti kwenye sehemu ya kuchoma. "Nani kamchoma mzee?" Binti akasema mimi sista. Inchaji akamtazama mzee, mzee akafumba macho kama aliyelala. Akaniinulia macho mimi, nikamtazama, sikuinamisha. Akatia sahihi akaenda zake. Ijumaa alfajiri barua bado ilikuwa chini ya kitabu, ila nimeona imekunjuliwa, iko wazi, haina tena ile mikunjo miwili imelaliana. Inawezekana aliisoma tena. Inawezekana alikuwa anatafuta kalamu. Nimefikiria yote mawili tangu jana.

Jumatatu nitamwuliza. Nimeshajua nitaanzaje, nitamwambia sista, uliniuliza nani atawachoma hawa, na nilikuwa sina jibu, sasa nipe miezi mitatu na wale wenzangu wawili wanaojifunza niwasimamie kama nilivyomsimamia huyu, halafu unipe tarehe. Na nitaomba tarehe iandikwe, maana bila kuandikwa mwaka utapita. Bondi ya kurudi kazini nitatia sahihi, nitarudi, sina nia ya kukimbia na cheti. Nikimaliza kusema hivo akaniambia tena wewe unajua, basi nitampelekea nakala afisa wa wafanyakazi wa kaunti, kwa adabu zote, na yeye nitamwambia kabla sijaipeleka.

Dada zangu mlioniuliza mavazi ya posa, picha nitatuma wosapu, kitambaa kilitosha.

Na huyu mtoto wangu wa pili siku hizi anakaza macho akitazama televisheni, halafu anasogea mpaka pua inagusa kioo. Mwalimu kasema darasani kahamia dawati la mbele mwenyewe bila kuambiwa. Kliniki ya macho ni Jumanne asubuhi peke yake na Jumanne niko shifti ya alfajiri, nimeomba kubadilishana na watu wawili hakuna aliyejibu mpaka sasa hivi.